Kura ya Karatasi, Kura ya Sahani

Mzee Masese alikuwa na kila kitu anachohitaji mwenyekiti wa bodi ya shule: koti, fimbo, sauti, na subira ya kusikiliza hotuba ndefu bila kusinzia waziwazi. Kitu kimoja tu alinyimwa, nacho ni herufi L. Alihamia Migori kutoka Kisii akiwa kijana, akalima miwa, akauza ndizi, akajifunza Kijaluo cha sokoni na Kiswahili cha ofisini, na lugha zote hizo alizisema kwa R. Mwalimu kwake alikuwa mwarimu, shule ilikuwa shure, na usiku mtu alikwenda kurara. Watu walimzoea. Shida ilikuwa katika yale maneno ambayo R na L zinagombania maana, na neno moja kati ya hayo lilimpa umaarufu kuliko uenyekiti wenyewe.

Miaka miwili nyuma alitangaza kanisani kwamba Jumanne kutakuwa na kura kwenye josho la ng'ombe. Alikuwa na maana ya kuchagua kamati. Nusu ya kijiji ilifika bila kunywa chai ya asubuhi, wengine wakiwa na watoto, na mama mmoja akiwa na bakuli lenye kifuniko la kubebea masalio. Walipopewa vikaratasi na kalamu waliona wameonewa. Tangu siku hiyo, mzee akitangaza lolote lazima atokee mtu wa kumuuliza, "Mzee, ni kura ya karatasi ama kura ya sahani?" Naye hujibu kwa ukali, kwa sababu masikioni mwake maneno hayo mawili yalikuwa mbalimbali kabisa, na hakuelewa kwa nini watu wazima wanajifanya viziwi.

Hotuba zake aliandikiwa na mjukuu wake, Dorine Bitutu, aliyekuwa kidato cha nne katika shule hiyohiyo ya kutwa ya Kona Mbili, upande wa Uriri. Dorine alimpenda babu yake, kwa hiyo alizikwepa L kama mtu anavyokwepa madimbwi akiwa na viatu vipya. Badala ya "walimu" aliandika "wakufunzi." Badala ya "leo" aliandika "siku ya sasa." Badala ya "kula" aliandika "kupata riziki." Matokeo yake hotuba za mzee zilisikika kama mahubiri ya zamani, na watu wakaamini ana Kiswahili kirefu.

Dorine mwenyewe alikuwa na Kiswahili kirefu na hasira fupi. Kwa miaka minne alikuwa nguzo ya klabu ya mijadala, na katika miaka hiyo alitatua matatizo yote ya jamii, baadhi yake mara mbili. Ufisadi aliumaliza akiwa kidato cha pili. Mimba za mapema alizikomesha mbele ya waamuzi waliotoka Homa Bay, akapewa cheti. Muhula uliopita ilikuja hoja kwamba usawa wa kijinsia umeshapatikana nchini, naye akaipinga kwa sababu saba na methali nne hadi upande wa pili ukabaki kukohoa. Mwalimu Onchiri, naibu wa mwalimu mkuu, alisimama akampongeza kwa dhati. Kisha akawaomba wasichana wabaki kidogo waoshe vikombe vya wageni.

Dorine alivisugua vikombe vile akiwaza. Aliona kwamba matatizo ya jamii yana tabia moja ya ajabu: yakiwa kwenye karatasi kila mtu anayapinga, yakiwa ndani ya karai la vyombo hakuna anayeyaona. Alitaka kulisema hilo kwa mtu, lakini waliokuwa karibu walikuwa wasichana wenzake, na wao walikuwa wanalijua tayari.

Sasa zilikuwa zimebaki wiki tatu mtihani wa mwisho uanze, na shule ikaandaa siku ya maombi. Huku kwetu siku hiyo haina mchezo. Wazazi wanakuja wamevaa vizuri, mchungaji anawaombea watahiniwa, kalamu zinabarikiwa, na kila mzazi anaitwa mbele amwekee mwanawe mkono kichwani. Halafu watu wanakula. Fahali ananunuliwa Ogwedhi siku ya mnada, mchele unachambuliwa, na wasichana wa kidato cha nne wanapewa kazi ya kupakua na kuwanawisha wageni mikono, kwa kuwa wao ndio wakubwa. Wavulana wa kidato cha nne wanapewa kazi ya kukaa.

Ratiba yake ilikuwa ukurasa mmoja, ileile kila mwaka, tarehe tu ndiyo iliyobadilishwa. Saa saba na nusu: Maombi ya Watahiniwa. Na mstari wa chini yake, saa saba na nusu: Maandalizi ya Meza. Mambo mawili yaligongana saa ileile, na kwa miaka mingi hakuna aliyeona kosa, kwa sababu wanaoombewa na wanaoandaa meza hawakuwa watu wale wale.

Aliyemfungua Dorine macho ni Mourine, rafiki yake aliyemaliza mwaka jana. Mama yake Mourine, asiyejua kwamba mama za wasichana hubaki vitini, alitoka kisiwani Mfangano, akavuka ziwa alfajiri, akapanda magari matatu ili aje kumwekea binti yake mkono. Jina lilipoitwa alikwenda mbele, akasimama peke yake, mkono ukiwa juu nusu, akitafuta kichwa cha kuuweka. Mourine wakati huo alikuwa jikoni, amekumbatia sufuria ya mchuzi. Mama wa watu aliona aibu ya kurudi na mkono mtupu, akauweka kwenye kichwa cha mvulana aliyekuwa karibu, akamwombea kwa Kijaluo mpaka mwisho. Watu walicheka kidogo. Mvulana yule alikuja kufaulu vizuri sana, na Dorine hakuacha kujiuliza ile baraka ilikuwa ya nani.

Mwaka huu aliyekuwa anakuja ni mama yake mwenyewe, Nyanchoka. Nyanchoka aliuza omena, dagaa wa ziwani, huko Homa Bay, na katika miaka yote minne hakuwahi kukanyaga Kona Mbili, wala si kwa kukosa nauli. Yeye naye alisoma pale. Aliacha akiwa kidato cha tatu, tumboni akiwa na Dorine, na aliyekuja kumchukulia sanduku lake alikuwa baba yake, Mzee Masese. Siku hiyo mzee alisema neno moja tu, kwamba shure imekwisha. Tangu hapo baba na binti walizungumza kwa heshima nyingi mno, kama watu wa ofisi mbili zinazoandikiana barua.

Juzi Nyanchoka alikuwa amepiga simu. Alisema ameshona kitenge, atakuja, na anataka kuuweka mkono kwenye kichwa cha mwanawe palepale mahali ambapo yeye hakuwekewa na mtu. Dorine akamwambia asiwe na wasiwasi, atamkuta mbele. Alipokata simu ndipo alipoikumbuka ratiba.

Alianza na Mwalimu Onchiri. Alimwomba kwa adabu zote chakula kicheleweshwe nusu saa. Mwalimu alifikiri, akasema wageni wakishikwa na njaa wanakuwa wakali, na kwamba hata hivyo Mungu yuko kila mahali, hata jikoni. Dorine akauliza, kama ni hivyo, mbona wavulana wasiombewe huko jikoni. Mwalimu akamwambia hiyo ni hoja nzuri sana, aipeleke klabuni.

Akaenda kwa babu yake, akamkuta barazani anapiga viatu rangi. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akasema mambo ya jikoni yeye haingirii. Dorine akamwambia, kama hakuwa amesikia, kwamba Mama anakuja. Mzee alichovya brashi katika rangi. Kisha akaanza upya kukipiga rangi kiatu kilekile alichokuwa amekimaliza.

Kugoma alikufikiria, lakini mgomo wiki tatu kabla ya mtihani unaweza kumrudisha mtu nyumbani bila namba ya mtahiniwa. Ndipo akakumbuka kwamba yeye ndiye mwandishi wa hotuba ya mwenyekiti. Aliiandika vizuri kuliko zote, L akazipiga marufuku, na mwishoni, mahali ambapo mzee husoma haraka ili amalize, akachomeka mstari mmoja: "Riziki isubiri kwanza; watoto wote wa kidato cha nne, wasichana kwa wavurana, waje mbele waombewe." Hapo kwenye wavulana alimwekea R kabisa ili asijikwae, na "mbele" aliiacha kwa sababu alikosa la kuweka. Aliona kazi imekwisha. Neno la mwenyekiti likishatoka kwenye kipaza sauti, nani atalirudisha?

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, kwa kuwa mchungaji ni Msabato na ilibidi vyombo viwe vimeoshwa kabla jua halijatua. Mgeni wa heshima alikuwa afisa wa elimu, bwana mnene mcheshi, aliyezungumza kwa dakika hamsini juu ya matumizi bora ya wakati. Alipoketi, saa nane ilikuwa imepita na harufu ya nyama ilikuwa imeingia ndani ya hema na kukaa miongoni mwa watu. Dorine alikuwa pale pembeni na jagi la maji ya moto, beseni na sabuni, leso kiunoni. Alikuwa amemwona mama yake, safu ya tatu kutoka nyuma, kitenge cha kijani, mkoba mapajani, amekaa wima kama mtu aliyekuja kuhojiwa. Walipungiana mkono kidogo.

Mzee Masese alisimama. Aliitoa hotuba mfukoni mwa koti, na Dorine akaanza kumnawisha mgeni wa heshima, masikio yakiwa mbele. Mzee aliifungua karatasi, akaitazama saa yake, akawatazama watu na nyuso zao za njaa. Kisha akaikunja na kuirudisha mfukoni.

"Wakati umekwisha," akasema. "Sitasoma karatasi. Sasa ni kura. Kira mtu, kura."

Wenyeji walitabasamu tu, wao wamezoea. Lakini mgeni wa heshima hakuwa ameonywa. Alicheka mpaka tumbo likacheza, akauliza kwa sauti kama watu wamekuja kuombea watoto ama kuchagua diwani. Bravin, mvulana wa kidato cha nne ambaye hajawahi kunong'ona chini ya kiwango cha kusikika, akamuuliza mwenzake, "Sasa tunamanga ama tunavote?" Hapo hema lote likaangua kicheko, wazazi, walimu, hadi mchungaji akainama kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimeanguka.

Mzee Masese alisimama na fimbo yake. Kwanza aliwakazia macho kama kawaida. Kisha macho yakaanza kuzunguka, kutoka uso hadi uso, na Dorine akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona: babu yake ameanza kushuku kwamba kiziwi si watu, ni yeye. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini hawakusema ufanye nini babu yako akijikwaa mbele ya watu mia tatu, tena dakika moja baada ya kukukunjia hotuba. Dorine alikuwa na hasira naye, na alimwonea uchungu, vyote kwa pamoja. Uchungu ndio uliotangulia.

Aliliweka jagi chini. Mgeni wa heshima akabaki ameinua mikono yake miwili, imejaa povu hadi vifundoni.

"Samahanini wageni," Dorine akasema, na sauti ya klabu ya mijadala ikamtoka bila kuiita. "Msicheke. Mwenyekiti amesema kura, na ni kura ya kweli. Ilikuwa iwe ya karatasi, lakini wakati umekwisha kama mlivyosikia, kwa hivyo tutainua mikono. Swali ni moja. Wasichana wa kidato cha nne waombewe na wazazi wao ndipo watu wale, ama wapakue chakula na kuombewa wakiwa jikoni?"

Kicheko kilikatika. Mwalimu Onchiri aliinuka nusu, akafungua kinywa, kisha akakumbuka kwamba juu yake kuna mwenyekiti. Akamgeukia na kumuuliza kwa upole ni kura gani hasa aliyokuwa amesema.

Watu wote wakamtazama mzee. Njia zilikuwa mbili tu. Angeweza kusema alimaanisha chakula, na hivyo akiri mbele ya mgeni wa heshima, mchungaji na akina Bravin kwamba ulimi wake umekuwa ukimdanganya miaka yote. Au angeweza kusema alichokuwa amesema. Alimtazama Dorine kwa muda mrefu, na Dorine hakujua kama anatazamwa na babu au na mwenyekiti.

"Nimesema kura," akasema Mzee Masese. "Kwani nyinyi hamusikii Kiswahiri?"

Mwalimu Onchiri akakaa. Mzee akagonga fimbo chini, akauliza ni nani wanaotaka wasichana waombewe kwanza.

Hakuna mkono ulioinuka. Akina mama waliwatazama waume zao, na waume zao wakatazama upande wa sufuria. Dorine aliwaza kwamba ameshinda mijadala kumi na tisa na sasa anakwenda kushindwa huu mmoja, wenye maana, mbele ya mama yake.

Safu ya tatu kutoka nyuma, kitenge cha kijani kikainuka. Nyanchoka hakuinua mkono tu, alisimama wima, mkono juu kabisa, kama mwanafunzi anayejua jibu na amekaa muda mrefu bila kuulizwa. Alikuwa anamtazama baba yake. Mzee alimtazama pia, na kwa mara ya kwanza Dorine aliwaona wawili hao wakitazamana bila mmoja wao kutafuta pa kukwepea.

Baada ya hapo mikono ilikuja yenyewe. Mama aliyekaa karibu na Nyanchoka, kisha safu nzima. Wapishi walikuwa wamesogea kusikiliza, nao wakainua miiko, mmoja ukidondosha mchuzi. Bravin alisema yeye ana njaa lakini anaona haya zaidi, akainua. Mgeni wa heshima, ambaye hakuwa na namna nyingine, alikuwa ameinua mikono miwili yenye povu tangu mwanzo, na Mwalimu Onchiri akaihesabu yote. Upande wa kupinga ulipoitwa, mkono mmoja tu ulionekana, wa mzee aliyekuwa amelala. Alipoamshwa alisema alidhani wanauliza nani anataka supu.

Basi wasichana wakafungua leso viunoni, wakaja mbele wakinuka moshi na vitunguu, wakasimama pamoja na wavulana. Mchungaji akaanza. Majina yakaitwa. Nyanchoka alipofika alimtazama mwanawe, kisha akauweka mkono kichwani pake. Kilikuwa kiganja kigumu cha mtu anayebeba magunia, na kilikuwa na harufu ya omena ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuiondoa. Dorine alilia palepale, hakujificha.

Kati ya machozi aliwaza pia, maana yeye hana dawa ya kuacha kuwaza. Alijua kwamba vikombe bado viko pale. Mwezi ujao ataondoka, mwakani ratiba itachapishwa tena na mtu atabadilisha tarehe tu, na kidato cha tatu hakuna msichana mwenye babu asiye na L. Alikusudia kuwatafuta wale wasichana kabla ya jioni na kuwaonyesha ile mistari miwili kwa kidole. Zaidi ya hapo hakujua la kufanya.

Mkono wa mama yake ukamkaza kichwa ghafla. Dorine hakuwahi kumaliza ombi akiwa amefumba macho yote mawili, akafungua moja kuona kuna nini. Babu yake alikuwa amesimama nyuma yao. Fimbo ameiegemeza kwenye kiti, kofia ameishika kwapani, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya kichwa cha Nyanchoka. Midomo yake ilikuwa inasema kitu kwa Kikisii, polepole, kitu kirefu. Kikisii hakina haja ya L, na mzee hakujikwaa hata mara moja.

Chakula kilipakuliwa na wavulana. Ilikuwa kazi ya kutazamwa. Bravin alikata ugali kama anayepima matofali, mgeni wa heshima alipewa mifupa mitatu na pole, na wanaume wazima walipanga foleni na sahani mkononi wakishangaa jinsi mstari unavyokwenda polepole ukiwa ndani yake. Dorine na mama yake walikaa kwenye viti vya mbele. Hakuna aliyewatuma mahali.

Mzee Masese alikuja akitembea kwa uangalifu bila fimbo, sahani mbili mikononi, mchuzi ukitishia koti. Moja akampa mjukuu wake, nyingine akaishika mbele ya binti yake.

"Kura," akamwambia.

Nyanchoka aliitazama sahani, akamtazama baba yake. Kwa miaka kumi na minane hakuwahi kumtania.

"Baba," akasema, "ni ya karatasi ama ya sahani?"

Mzee alifikiria swali hilo kwa uzito wake wote.

"Ya sahani," akajibu. "Ire ya karatasi ni deni, tutaipiga juu ya ratiba. Kura, mwanangu, kinapoa."

Nyanchoka akapokea sahani, akasogeza mkoba wake ili baba yake apate pa kukaa, na wote watatu wakala.